Majina Yanayoitika

4 Februari

Shemeji yangu, Mzee Mabano,

Pokea salamu, na kama dada yangu yuko karibu mpe zake, nyingi kuliko zako. Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwa mtu ambaye mwezi mzima hajajibu hata picha za mapazia yenu mapya. Nimeambiwa ni mazuri, hongereni. Ila nakuomba, kuanzia leo usinitumie picha tena, wala zile za skrini yako ulizozijaza mishale myekundu. Niandikie maneno, barua nzima, kama watu wanaoheshimiana.

Sasa nina ombi, na si dogo. Kazi yangu unaijua: programu ya mapokezi ya hospitali, ile inayohakikisha kwamba mama aliyeandikishwa leo kwa herufi kubwa, na kesho kwa herufi ndogo na nafasi mbili katikati ya majina yake, anabaki kuwa mama mmoja mwenye faili moja. Yote hiyo naifanya kwa amri zenu za maandishi, ule mkusanyiko mnaougawa bure kwa kila mwandishi wa programu anayeutaka. Kwa ubure wake nashukuru. Lakini shemeji, zile amri nani alizipa majina? Ya kukata inaitwa kata. Ya kuunganisha inaitwa unganisha_maandishi. Ya kutafuta ni maandishiTafuta, bila mstari wa chini, na T kubwa imekaa katikati kama mgeni aliyekosa kiti. Ya kuondoa nafasi zilizozidi mwanzoni ni ondoa_nafasi_mwanzo, lakini ya kuondoa za mwishoni ni futaNafasiNyuma. Halafu kwenye amri moja nataja kwanza ninachotafuta, kisha ninapotafuta. Kwenye nyingine ni kinyume, na nikikosea kompyuta hainiambii, inanipa tu jibu la kijinga kwa uso mkavu.

Kwa hiyo kila amri lazima nifungue maelezo kabla sijaitumia, na kufungua huko ndiko kunanimaliza. Mkuu wangu wa kazi ameniita. Kwa upole, maana ni mtu mpole, ameniambia kazi zangu siku hizi zinachelewa. Mwisho wa Aprili atakaa pembeni yangu anione nikifanya kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ikienda vizuri, nabaki kuandika programu. Isipoenda vizuri, nitahamishiwa kupokea simu za wateja. Mimi, shemeji, na ulimi huu, kupokea simu za wateja. Wahurumie.

Ninachoomba ni majina yenye utaratibu mmoja, mtu akishajua mawili aweze kukisia la tatu.

Wako,
Sindano


9 Februari

Shemeji Sindano,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na dada yako alicheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha, hasa pale pa mgeni aliyekosa kiti. Tumekuita Sindano tangu siku ile ya kwanza nilipokuja kwenu, uliponiuliza mbele ya watu kama najua kufua soksi zangu. Miaka imepita na bado unachoma palepale.

Umeuliza nani alizipa amri zetu majina. Jibu ni kwamba kila mtu. Kata ni yangu, ya enzi za ujana, nilipoamini kwamba duniani kuna kitu kimoja tu cha kukatwa. Unganisha_maandishi ni ya mwenzangu mpenda ukamilifu, ambaye nina hakika hata kikombe chake amekiandika "kikombe cha kunywea". MaandishiTafuta aliileta mtu aliyetoka kwenye lugha nyingine ya kompyuta, akaja na desturi za kwao. Alikuwa na bidii, tukaona aibu kumrudisha mlangoni. FutaNafasiNyuma sikumbuki ni ya nani, na asiyekumbuka mara nyingi ndiye mwenyewe.

Ni sawa na nyumba iliyojengwa na mafundi wengi, kila mmoja akaweka swichi ya taa alipojisikia. Sisi wenyeji tumeshazoea. Mgeni ndiye anayepapasa ukuta.

Ugumu ni huu. Jina la amri si kama jina la mtu, kwamba ukimwita kwa la utotoni atageuka. Ukilibadilisha, kila programu inayolitumia inakwama hapohapo. Na watumiaji wetu wana midomo. Kuna mmoja tunamwita Nyundo, hatujawahi kuonana naye, lakini mwaka juzi nilipohamisha mkato mmoja alituandikia barua ambayo bado naikumbuka nikila.

Hata hivyo nimewasemesha wenzangu wawili tunaotunza mkusanyiko huu. Mmoja amekubali, mwingine amekubali huku akipumua kwa nguvu. Tutatoa majina mapya, na ya zamani tutayaacha yaendelee kufanya kazi kwa muda, ila yatakuwa yananung'unika: ukiyaita yatatii, kisha yatakuambia jina lao jipya.

Dada yako anauliza kwa nini huji siku hizi. Nimemwambia una kazi. Ameniangalia vile anavyoniangalia nikisema nimefunga bomba.

Ni mimi shemeji yako,
Mzee Mabano


18 Februari

Sindano,

Kazi imekwisha, na najisifu mapema kwa kuwa wengine watachelewa.

Kuanzia leo kila amri inaanza na neno lilelile: maandishi_kata, maandishi_unganisha, maandishi_tafuta, maandishi_badilisha, mpaka ya mwisho. Hakuna T kubwa wala futa hapa na ondoa pale. Ukizitandaza kwenye skrini zimepanga mstari kama wanafunzi asubuhi, sare moja, vichwa sawa. Dada yako, ambaye hajui amri hata moja, alipita nyuma yangu na nguo za kuanika, akasimama, akasema, "Sasa hapa kuna adabu." Katika ndoa yetu hayo ni maneno makubwa.

Nyundo ameandika, kama kawaida. Anasema tumebadilika kama kinyonga, lakini mwishoni amekiri kwamba mpangilio unapendeza macho. Nimeichapisha sentensi hiyo nikaibandika juu ya meza.

Sasa nenda kamwonyeshe mkuu wako. Na ukishashinda, njoo ule chakula chetu.

Shemeji,
Mzee Mabano


24 Februari

Shemeji yangu,

Asante. Naliweka hilo mbele kwa sababu najua mmejitoa, na kwamba kwa ajili yangu umeingia kwenye mdomo wa Nyundo.

Lakini nikikudanganya haitanisaidia. Tangu mbadilishe, nimekuwa mzito kuliko mwanzo. Majina yako yana utaratibu, sikatai. Ila lile neno la mbele, maandishi, maandishi, maandishi, linanichosha mpaka nafunga kompyuta kabla ya saa. Sijui nikueleze vipi. Labda niendelee tu na yale ya zamani yanayonung'unika, niyakariri moja moja kabla Aprili haijafika.

Usinikasirikie.

Sindano


27 Februari

Shemeji,

Nimeipokea shukrani yako yenye mkia.

Sijakasirika. Nimekaa tu kidogo kwenye ngazi za nyuma na kikombe cha chai kilichopoa, jambo ambalo mtu wa umri wangu hulifanya bila sababu. Ila nisaidie kuelewa. Uliomba utaratibu, ukapata. Uliomba uweze kukisia, na sasa nusu ya kila jina unaijua kabla hujafungua macho. Neno moja la mbele likuchoshe kwa lipi? Jicho linaliruka tu. Mimi mwenyewe, na miwani hii nene kama chini ya chupa, silioni tena. Naona yanayofuata, yamesimama wima, moja chini ya jingine.

Watumiaji wengine wametupongeza. Mmoja amesema angeweza kuufanya ule ukurasa pambo la ukutani. Kwa hiyo fungua uangalie tena kwa utulivu. Siwezi kujipigia debe zaidi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Dada yako anasema simu zako ni fupi. Uko sawa?

Mzee Mabano


20 Machi

Shemeji,

Uliandika kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nimefika pa kuambiwa.

Nimekawia kukujibu kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta nakutania, na hili halina utani ndani yake, au lina kidogo sana. Mwaka jana nilianza kujigonga kwenye milango iliyofunguliwa nusu. Nikaona ni haraka zangu. Kisha nikawa namwaga chai pembeni ya kikombe. Kisha mwenzangu ofisini akanipa mkono wa salamu, akabaki ameunyoosha, na mimi sikuuona. Alidhani nimemnunia, akaja kuniomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Hapo nikaenda kwa daktari wa macho. Aliniambia ninachoona kinafungwa kutoka pembeni kuja katikati. Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Halina miwani yake, halina upasuaji wake. Aliniacha nilie, wala hakuangalia saa, kisha akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomwambia, akasema ipo njia, ila inataka subira. Hajui mimi na subira hatujawahi kutambulishwa.

Njia yenyewe ni masikio. Kuna programu inayonisomea kila kilichoko kwenye skrini. Ni sauti ya mwanamke kama ana mafua, anasoma Kiswahili kama mtu aliyejifunza jana akiwa njiani. Barua zako zote ni yeye aliyenisomea, na mizaha yako anaitoa kwa sauti ya tangazo la msiba. Ndiyo sababu sikutaka picha. Picha anaisoma "picha", basi.

Sasa sikiliza kama ninavyosikiliza mimi. Nikitafuta amri, anapita orodha nzima akiniambia: maandishi mstari chini kata. Maandishi mstari chini unganisha. Maandishi mstari chini tafuta. Umesema jicho linaliruka neno la mbele, na hujakosea. Sikio haliruki, shemeji. Sikio linapanga foleni. Kila mara lazima nisubiri neno lisilo na habari lipite, ndipo lije lenye habari. Yale majina yenu ya ovyo angalau yalianza kila moja kivyake. Nikisikia silabi ya kwanza nilijua niendelee au nimnyamazishe. Ulipoyapendezesha kwa macho uliyafunga kwa upande wangu, na hukuwa na namna ya kujua, kwa sababu sikukuambia.

Mkuu wangu hajui. Ukali wake ningeuweza. Naogopa huruma yake, kwamba atanipa simu za wateja akidhani ananipumzisha. Na dada hajui. Ni yeye aliyenilea. Nikimwambia atahamia kwangu aanze kunikatia mkate. Usimwambie. Nakuomba.

Aprili haiko mbali. Kazi hii ndiyo kitu ambacho nikiwa ndani yake nasahau tundu la ufunguo.

Usinihurumie, nisaidie.

Sindano


24 Machi

Shemeji yangu,

Asante kwa kuniambia. Naliandika hilo na ninalirudia, maana ungeweza kuninunia kwa methali ile na ningestahili.

Umesema nisikuhurumie, basi sikuhurumii. Mapazia yetu ni ya rangi ya tope, umeponea. Na picha yangu ya skrini yenye mishale myekundu ilikuwa na makosa mawili, hilo nalo hukuliona.

Jumamosi mchana nilifanya jaribio. Niliweka ile sauti kwenye kompyuta yangu, nikazima skrini kabisa, nikajaribu kuandika programu ya mistari kumi, kitu ambacho huwa nakifanya huku nikila. Kufikia mstari wa tatu nilikuwa nimepotea ndani ya kazi yangu mwenyewe. Maandishi mstari chini hiki, maandishi mstari chini kile. Nilitamani kumpata aliyeyatunga hayo majina nimkanye. Dada yako akaingia, akaniona nimekaa mbele ya skrini nyeusi, jasho linanitoka, nasemeshwa na mwanamke mwenye mafua. Akafunga mlango taratibu akaondoka. Mpaka leo hajauliza, na hicho ndicho kinachonitisha.

Nimetoka humo na adabu mpya. Nimewaeleza wenzangu kwamba mtumiaji mmoja anafanya kazi kwa kusikia, bila kukutaja, na safari hii hakuna aliyepumua kwa nguvu. Tumekubaliana hivi: kitendo kinatangulia, kwa sababu ndicho chenye habari. Mahali panafuata. Neno "maandishi" linatoka kabisa, maana mkusanyiko mzima ni wa maandishi, ni kama kila mtu nyumbani kuitwa kwanza "mtu". Tendo moja lina neno moja tu popote lilipo. Na ndani ya mabano, kinachofanyiwa kazi kitatajwa kwanza daima, bila udhuru. Pia penye amri ya mwanzo patakuwa na ya mwisho, na penye ya mwisho patakuwa na ya mwanzo, hata kama hakuna aliyeiomba. Mtu akigonga kwa kukisia, asikute ukuta.

Lakini maneno yenyewe uchague wewe. Futa au ondoa? Mbele na nyuma, au mwanzo na mwisho? Wewe ndiye unayeyasikia kutwa.

Na sasa lile lingine. Siri yako nimeitunza, ila naibeba vibaya. Dada yako akiniuliza habari zako naanza kuzungumzia hali ya hewa, na mimi si mtu wa hali ya hewa. Sikulazimishi. Nasema tu kwamba aliyekulea amezoea kukuona mdogo, hajazoea kufichwa, na kufichwa kutamuuma kuliko habari yenyewe. Na mkuu wako, kama ni mpole kama unavyosema, mpe nafasi ya kuwa mpole kwa kitu anachokijua.

Shemeji yako,
Mzee Mabano


6 Aprili

Shemeji,

Ondoa, siyo futa. Futa yule mwanamke anaimeza. Mwanzo na mwisho, siyo mbele na nyuma, kwa sababu mbele ya maandishi ni wapi hasa? Mwanzo hauna ubishi. Tafuta libaki. Geuza liwe la herufi peke yake, kubwa kuwa ndogo na ndogo kuwa kubwa. Mkitaka kuweka neno mahali pa jingine tumieni badilisha. Nimeyapima yote kwa kasi ninayofanyia kazi, siyo ile yako ya kizee.

Nimemwambia mkuu wangu. Aliniuliza nahitaji nini. Nilijiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, nikajikuta nimeomba kiti kingine pembeni yangu, cha kukalia yeye. Kiti kimekuja. Mwisho wa Aprili uko palepale, na mimi ndiye niliyemwomba asiusogeze.

Dada naye anajua. Hakulia. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Aliniuliza nani mwingine anajua, nikamwambia. Nafikiri sasa umeelewa kwa nini jana hukupata chai.

Nisamehe, na Mungu akusimamie.

Sindano


8 Aprili

Sindano,

Sikupata chai, sikupata chakula cha jioni, na nimesomewa kesi yangu kwa mpangilio mzuri kuliko mkusanyiko wetu wote: kwanza kosa, kisha mahali, kisha tarehe. Nilipojitetea kwamba niliombwa, niliambiwa niliombwa na mtoto. Kisha akaenda chumbani, akakaa huko, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa amebeba begi. Atakuja kwako Ijumaa. Nimemwapisha kwamba mkate hataugusa.

Majina yako yameingia yote kama ulivyoyataka. Nyundo ameandika kwamba kubadilisha mara mbili kwa msimu mmoja ni ugonjwa. Nimemjibu kwamba ndiyo, na sasa tumepona.

Fanya mazoezi. Ukikwama, niite.

Mzee Mabano


30 Aprili

Shemeji yangu mpendwa,

Nabaki.

Nimeanza na hilo ili yule mwenye mafua akusomee haraka, kama bado unaye. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Mkuu aliniletea kazi ambayo hata yeye hakuwa ameipanga. Kuna zahanati ndogo inaungana na hospitali yetu, na faili zao wameandika cheo mwanzoni mwa kila jina, Bi. huyu, Bw. yule, vimegandana na jina lenyewe. Programu yetu inawaona kama watu wapya, kwa hiyo mama mmoja ana faili huku na faili kule, na dawa alizopewa kule hazionekani huku. Alitaka vyeo vitoke. Akavuta kile kiti kingine akakaa.

Nilichomoa spika za masikioni ili naye asikie. Sauti ilipoanza kusoma kwa kasi yangu, aliniuliza kwa upole kama kompyuta imeharibika. Nikamwambia hapana, ndivyo tunavyozungumza. Nikaendelea. Kutafuta, kugeuza, kuunganisha. Vidole vilikuwa vinafika kabla yangu. Ndipo nikafika pale ambapo lazima kitu kiondolewe mwanzoni mwa jina, na kama hakipo jina liachwe salama. Nikagundua sijawahi kutumia amri ya namna hiyo. Ondoa_mwisho ninaijua, huitumia kila wiki kwa nukta zinazobaki mwishoni. Ya mwanzo, kwa kitu kisichokuwa nafasi tupu, sikuwahi kuihitaji, sikuwahi kuisikia, na wala sikujua kama ipo. Zamani hapo ningesimama, nifungue maelezo, nianze kupapasa ukurasa mzima, yeye akinihesabia pumzi.

Nikajiambia, shemeji yangu ana maneno mengi lakini ni mtu wa neno lake. Nikaandika ondoa_mwanzo. Ndani ya mabano nikataja jina kwanza, halafu cheo. Sikuangalia popote. Nikaiendesha.

Iliitika.

Majina yalianza kupita moja baada ya jingine, safi, bila vyeo. Mkuu alisoma kwenye skrini, mimi nikasikiliza, na kwa mara ya kwanza tukawa tunafika mwisho wa mstari pamoja. Aliniuliza hiyo amri nimeisoma wapi. Nikamwambia sijaisoma popote. Aliniuliza basi nimejuaje. Nikamwambia, "Waliotengeneza walifikiria mtu atakayekisia." Akasema, "Sasa mimi nimekaa hapa kufanya nini?" Akaenda kututengenezea chai, na kiti chake akakirudisha mezani kwake.

Dada alikuwa ananisubiri nje ya ofisi. Alikuwa na mkate, mzima, haujakatwa. Akanipa kisu.

Shemeji, sijui kushukuru bila kuchoma, lakini leo najaribu. Mmeifanya kazi yangu iwe nyumba ninayoweza kutembea bila kuona, kwa sababu kila kitu kiko pale ambapo akili inasema kitakuwa. Tundu la ufunguo litaendelea kupungua. Hilo halikutoka mikononi mwenu, wala mwangu. Ila leo sikuliogopa kutwa nzima, na hiyo ni zawadi yenu.

Asante.

Sindano


3 Mei

Shemeji yangu,

Barua yako niliisoma kwa macho, kisha nikamwachia yule mama mwenye mafua aisome tena, dada yako, aliyerudi jana kutoka kwako, akiwa amekaa kando yangu. Alipofika kwenye "iliitika" alilitamka vibaya kabisa, na hakuna aliyecheka.

Nikuambie kitu kuhusu ondoa_mwanzo. Niliiandika Aprili hiyohiyo, kutimiza ahadi kwamba penye mwisho pawe na mwanzo. Na nilitaka kuiita pogoa. Wazia: pogoa, kama unavyopunguza matawi ya mti. Nililiona jina zuri, nikalitembeza mdomoni nyumba nzima, nikajiona mshairi. Kisha nikafumba macho nikajiuliza, Sindano akiihitaji, ataiita nini? Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeita pogoa. Nikaifuta kwa uchungu wa mtu anayemwachisha kazi ndugu yake. Kwa hiyo unaponishukuru, jua ulibakiza kidogo tu ukutane na mti.

Shukrani ni zangu pia. Nimetengeneza amri hizi miaka yote nikidhani nazitengenezea kompyuta. Kompyuta haijali, ungeiambia bakuli ingekata, ilimradi uwe umekubaliana nayo. Jina ni la mtu anayekuja baadaye, na wewe ndiye wa kwanza uliyenionyesha sura yake. Hata Nyundo ameandika tena. Ana macho mazima, lakini anasema wiki hii hakufungua maelezo hata mara moja, alikuwa anakisia na anapata, na kwamba kwa shingo upande anasema asante. Nimeitoa ile sentensi yake ya zamani juu ya meza nikabandika hii.

Tumekaa sisi watatu, safari hii kwa ridhaa uliyonipa kwa simu ya kukutaja, na tumekubaliana kwa kauli moja: tunataka uwe mtunza majina wetu. Hakuna amri mpya itakayoingia mpaka uisikie kwa masikio yako uikubali. Una haki ya kukataa, na hutadaiwa maelezo. Mshahara, kama ilivyo kwetu sote, ni lawama za Nyundo.

Ukikubali, ombi la kwanza ni langu. Nimeandika amri inayohesabu maneno yaliyomo ndani ya maandishi. Nimeiita maneno_mangapi. Nadhani ina mvuto wake.

Kwa heshima zote,
Mzee Mabano


Siku hiyohiyo, jioni

Mzee Mabano,

Nimekubali kazi.

Ombi lako limekataliwa. Ni hesabu_maneno. Na usiniletee lenye mvuto tena, mpelekee dada.

Wako,
Mtunza Majina